Machozi ya Jumapili

Mama alikuwa akiuza vitunguu nje ya Soko la Burma, karibu na wachoma nyama, na macho yake yalichuruzika machozi mwaka nenda mwaka rudi. Mwishowe yakaanza kufifia, akawa hamtambui mteja mpaka aseme. Bila macho hakuna meza ya vitunguu, na bila ile meza chumba chetu cha Shauri Moyo tungekihama.

Matone ya hospitali hayakusaidia. Jirani akatuelekeza Eastleigh, kwa Mhindi mmoja mzee, daktari wa vidonge vitamu. Mimi ndio kwanza nilikuwa nimeingia sekondari, najiona msomi, nikaandamana na Mama ili asije akalaghaiwa.

Daktari hakummulika macho. Alimuuliza kama anapenda chumvi, anaota nini, machozi yanachoma au hayachomi. Nikaguna. Akanisikia, akanieleza kwa upole kwamba yeye hatibu jicho, anamtibu mwenye jicho. Na kwamba kinachomliza mzima ndicho humponya anayelia, mradi kipunguzwe mpaka karibu kiishe. Kisha akashusha kichupa.

"Hii imetoka kwa kitunguu."

Nikaguna tena. Mtu atoke vitunguuni, aje apewe vitunguu tena.

"Dawa ya moto ni moto," Mama akasema, akacheka kidogo.

Daktari alikuwa akifungua kichupa alipouliza, "Jumapili huuzi. Macho yanapumzika?"

"Hapana. Hata kanisani yanatoka."

Mkono wake ukasimama. "Kabla ya vitunguu uliuza nini, mama?"

"Maharagwe."

"Mbona uliyaacha?"

Mama aliitazama mikono yake. Mdogo wangu alikufa kwa surua nilipokuwa darasa la tatu. Mama hakutoa chozi makaburini. Mtaa mzima ulimsifu, nami nikaamini amepoa.

"Nikiuza maharagwe," akasema, "kila mteja alikuwa ananiuliza nalia nini. Kwa vitunguu hakuna mtu anauliza."

Miaka yote ile nilikaa kando yake pale mezani nikimenya vitunguu vya kachumbari, tukilia sote wawili na kuchekana. Kumbe aliyekuwa akilia kwa sababu ya kitunguu ni mimi peke yangu.

Daktari akakirudisha kichupa, akachukua kingine. Hiki, alisema, asili yake ni chumvi ya kawaida, ni cha watu wanaolia wakijificha.

Macho yalikuja kupata nafuu, polepole. Kama ni kwa vile vidonge sijui. Nilivionja, nikaona ni sukari tupu, na mpaka leo nina shaka navyo. Ninachokijua ni kwamba Jumatatu ya kwanza tangu twende kwa daktari, baada ya shule, nilimkuta mezani akijipangusa kwa ncha ya leso, huku mchoma nyama mmoja akijichagulia vitunguu.

"Mama, unalia nini?"

Mchoma nyama akacheka, akanionyesha vitunguu. Mama hakucheka. Akalitaja jina la mdogo wangu, mara ya kwanza tangu tumzike.