Mochi wa Lango la Mahakama

Jina lake hatulijui. Sisi makarani wa mahakama tunamwita Mochi, mshona viatu, na watu wa kazi yake wengi wameliandika hilohilo kuwa jina la ukoo. Hukaa langoni juu ya gunia, kidole cha shahada kimechimbika kwa miaka ya kuvuta uzi. Kikombe chake cha chai hutundikwa peke yake, nje ya kibanda cha chai, na hukiosha mwenyewe. Viatu hatumpi mkononi, maana kumgusa mtu wa tabaka lake ni kujinajisi. Tunavibwaga chini, yeye anaokota, na akimaliza huviweka chini vilevile. "Haya, Mochi, changamka!" Ndiyo salamu yetu.

Juzi soli yangu ilibanduka nikiwa na mkuu wangu, Bwana Trivedi. Nikabwaga kiatu kama kawaida. Mochi akashona, mara uzi ukamponyoka. Kabla sijafikiri, mkono wangu ulishaudaka, ukausokota pajani na kuupitisha kwenye nta, kama baba alivyonifunza kabla hajatubadilishia jina la ukoo kuwa Vaghela.

"Ala, Vaghela!" Trivedi akacheka. "Umochi umejifunza wapi wewe?"

Mzee aliitazama mikono yangu kwa muda, kisha akainama.

"Nimemwomba mimi, bwana mkubwa. Vidole vyangu vinauma. Nisameheni kwa kumchafua."

"Huna adabu!" Trivedi akafoka.

Nami nikaongeza, kwa sauti kubwa kuliko yake: "Usirudie tena!"

Alipomaliza, kwa mara ya kwanza alininyooshea kiatu mkononi. Nikamwonyesha chini.