Reli ya Reino Iliyokatwa Miguu

Reino Karvonen hajui kujenga kitu kinachohamishika. Mimi ni jirani yake tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi, uzio mmoja tu unatutenganisha, na nasema ninachokijua. Sanduku lake la barua limesimama juu ya nguzo ya chuma iliyozamishwa kwenye zege. Mwaka mmoja gari la kusukuma theluji liliigonga, likaharibika gari. Hata kibanda cha mbwa kina msingi. Mbwa alikufa zamani, kibanda kipo, na siku ya kiyama tutakikuta pale pale.

Lakini si kichaa chake peke yake. Hapa Duluth, mji wetu wa bandari kaskazini, baridi huzama ardhini kupita kimo cha mtoto wa shule, na barafu ikivimba huko chini huisukuma juu kila nguzo iliyochimbiwa na mvivu. Kila Aprili utaziona nguzo za watu zimeinama kama walevi. Reino alichomelea vyuma kwenye magati ya bandari mpaka alipostaafu, na kwake nguzo iliyoinama ni aibu ya ukoo. Akianza kuchimba, haachi mpaka ameipita baridi.

Mkewe, Helmi, alifariki mapema, akamwachia binti mmoja, Kaisa. Mtoto huyo alianza kuteleza kwa skii, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni, kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Bado namwona Reino akitembea kando yake kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba yao, amemshika mkono, akimwimbia nyimbo za Kifini alizozisahau nusu. Alipokua, Kaisa akaingia mchezo wa vijana wenzake: unakuja kasi juu ya theluji, unarukia reli ya chuma ukiwa na skii zako miguuni, unateleza juu yake kiubavu, unatua upande wa pili. Reino hakuupenda hata kidogo.

"Chuma ni cha treni," alikuwa akisema. "Mungu katupa theluji tele, wewe unatafuta bomba!"

Januari iliyopita Kaisa alianguka kwenye reli ya pale kilimani, vijana wanapotelezea, mguu ukavunjika chini ya goti. Mimi ndiye niliyeendesha gari kwenda hospitali, maana Reino alishindwa hata kuupata ufunguo wa gari lake. Njia nzima alikuwa akisali. Tukaingia wodini, binti amelala pale, hana rangi usoni, na baba mtu akafungua mdomo. Neno la kwanza lililomtoka likawa, "Nilikuambia."

Nilitamani nimkanyage. Kaisa aligeuza uso ukutani.

Mguu ulipona. Daktari alimruhusu kukimbia, kuruka, chochote anachotaka. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mei, theluji ya mwisho ilipoyeyuka, Kaisa alizipeleka skii zake gereji akaziegemeza zikitazama ukuta, kama watoto walioadhibiwa. Nilikuwepo, nimewapelekea keki.

"Baba, theluji ya kwanza ikianguka, hizi mpe mtu mwingine," akasema. "Mimi basi."

"Sawa," Reino akajibu.

Sawa ya nini? Yule binti nilimjua. Nyumbani mkimya, kazini mkimya, na mahali pekee nilipowahi kumsikia akicheka kwa sauti ni juu ya zile skii. Nilirudi kwangu na sahani tupu, moyo mzito. Ilikuwa imebaki kiangazi kimoja tu, na baba aliyekuwa na neno la kusema hakuwa msemaji.

Juni akaanza kuchimba.

"Unamzika nani?" nikamuuliza kutoka upande wangu wa uzio.

"Simziki mtu. Nachimba."

"Hilo naliona, sijapofuka. Unachimbia nini?"

Akajipiga kofi shingoni kuua mbu. "Kamba ya kuanikia nguo."

"Reino, una mashati mawili."

"Basi yatakauka vizuri."

Siku chache baadaye alirudi na gari limejaa mabunda ya nyasi za plastiki. Shule ilikuwa imebadilisha uwanja wake wa mpira, na nusu ya mtaa wetu ilikwenda kujichotea zile za zamani. Mimi mwenyewe ninacho kipande mlangoni, wengine wametandika kwenye mashua zao. Reino alizitandika kwenye mteremko kutoka juu mpaka chini, akazimwagia maji ya sabuni ya vyombo, akapitisha kiganja kuona kama zinateleza. Hapo nikaelewa: alikuwa akimtengenezea Kaisa theluji ya kiangazi. Nilikwenda jikoni nikakaa kwenye kiti, machozi yakanitoka kama mjinga.

Kisha juu ya nguzo alizozichimbia akachomelea reli, kwa upole ambao sijauona hata kanisani. Kila kiungo alikisaga, akakisugua, kisha akatoa mfukoni soksi ndefu ya nailoni ya marehemu Helmi, akaiburuta juu ya chuma. Soksi ikinasa uzi popote, anarudia kusaga. Alirudia wiki nzima. Mwishowe soksi ilipita kutoka mwanzo hadi mwisho bila kunasa, naye akaikunja vizuri akairudisha mfukoni.

Kaisa alikuwa akichungulia dirishani siku zote hizo akijifanya anaosha vyombo. Reli ilipokamilika alitoka na kikombe cha kahawa mkononi. Akaizunguka. Akasimama ubavuni mwake, ikamfika juu ya goti.

"Umepata wapi vipimo?" akauliza.

"Kilimani," Reino akasema, na uso wake uling'aa kwa fahari. "Nilikwenda na futi kamba. Ni ile ile. Haijapungua wala kuzidi."

Kaisa akaweka kikombe chini kwenye nyasi, akageuka, akaingia ndani. Mlango haukubamizwa. Ungebamizwa ningepata nafuu.

"Mzee wewe," nikamwambia, "umemjengea mwanao kitu kile kile kilichomvunja, halafu ukakimwagia zege!"

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Nilidhani atataka anayoifahamu."

"Si ungeichomekea hata matofali chini, iwe ya kupandishwa na kushushwa? Ing'oe basi."

"Haing'oki, Verna," akasema taratibu. "Nimepita baridi."

Akaketi palepale kwenye nyasi bandia, suruali ikalowa maji ya sabuni. Nilimhurumia mno. Maisha yake yote alijua njia moja tu ya kumwonyesha mtu kwamba anampenda, nayo ni kumtengenezea kitu kisichotikisika.

Asubuhi nilisikia grenda inalia. Nilitoka na nguo ya kulalia. Reino alikuwa amepiga magoti akiikata miguu ya reli yake, cheche zinaruka. Alitoa kipande kwenye kila mguu, akaishusha reli, akachomelea upya, akasaga, akapitisha soksi. Kaisa akatoka, akatazama.

"Bado, Baba."

Reino hakubisha. Kesho yake akakata tena.

"Bado."

Akakata tena. Bandu bandu huisha gogo. Yule mtu ambaye bandarini alikuwa akigombana na wahandisi kwa ajili ya upana wa kucha, sasa aliikata kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, kipande baada ya kipande, na kila mara alimtazama mwanawe usoni kwanza, si kipimo. Mpaka reli ikawa imelala chini kabisa, ikimfika Kaisa kifundoni. Hata kuku wangu angeivuka.

"Hapo je?" akauliza.

Kaisa aliigusa kwa ncha ya kiatu. Kisha akaingia gereji, akatoka na buti, helmeti, na zile skii.

Alipanda juu ya mteremko, akajifunga, akasimama. Akasimama sana. Mimi nilikuwa nimeshika uzio utadhani ndio utakaoanguka.

"Siwezi," akasema. "Baba, siwezi. Ni upuuzi, kitu chenyewe kiko chini hivi, lakini siwezi."

Reino akapanda hadi alipo. Akavua kofia, akaishika kifuani.

"Lile neno nililokwambia hospitali," akasema, akaikunja kofia, akaanza upya. "Lile neno lilikuwa woga wangu. Halikuwa lako. Nimekaa nalo tangu Januari, linanichoma. Nisamehe, mwanangu."

Kaisa akavuta pumzi, akapangusa pua kwa mgongo wa mkono.

"Ndiyo ukaamua kunijengea gati la meli?"

"Sijui kujenga kingine."

Binti akacheka. Si sana, lakini nilisikia. Kisha akanyoosha mkono. "Nishike."

Reino akamshika. Wakashuka pamoja, yeye akikimbia kizee pembeni na kiatu kimoja kinafunguka, Kaisa akiteleza taratibu. Skii zikagusa chuma, zikalia mlio ule mrefu, na reli ilikuwa chini kiasi kwamba baba aliweza kwenda naye sambamba kama zamani. Katikati Kaisa alimwachia. Akateleza peke yake, akafika mwisho, akatua, akasimama wima. Reino alikuwa bado anakimbia na mkono wake umenyooka hewani. Nadhani hakujua kwamba mkono hauna kitu.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kiangazi kizima nilisikia chuma kikilia nyuma ya nyumba ile. Agosti, nikiwa nachuma maharage, nilimwona Kaisa akitoka gereji na vipande viwili vya chuma mkononi. Reino hakuwa ametupa hata kimoja. Vyote alivipanga dirishani, ameviandika kwa chaki kipi kilifuata kipi.

"Baba, hivi ndivyo vya mwisho ulivyokata?"

"Ndivyo."

"Basi virudishe."

Akavirudisha. Baada ya majuma kadhaa akavirudisha na vilivyotangulia. Ukiitazama ile miguu ya reli utaona makovu ya kuchomelewa yanayoizunguka, moja juu ya jingine. Vile vipande vya kwanza kukatwa bado viko dirishani. Kaisa hajaviomba, na Reino hajamuuliza.

Theluji ya kwanza ilikuja mapema mwaka huu. Nilikuwa nafagia kibarazani Reino alipokuja kwenye uzio, bila koti, kofia imepinda.

"Verna, zile skii hazipo gereji."

"Si ulisema utampa mtu mwingine?"

"Aliyezichukua hakuniaga," akasema. "Kaondoka nazo alfajiri."

Midomo ilikuwa ikimtetemeka, naye akijaribu kunifanya niamini ni baridi. Nikatupa ufagio, nikamwambia apande garini, kilima si mbali, na zamu hii pia nitaendesha mimi.