Ukurasa Uliokataa Kuwa Mweupe

Kwenye kambi ya wakimbizi Turkana, kabla sijawa mzee, foleni ya maji ilikuwa ya mitungi, si ya watu. Unaweka mtungi wako nyuma ya wenzake, unakwenda kupika au kugombana na jirani, zamu ikifika unaitwa. Mimi sikuweza. Nilisimama kando ya wangu, jua likinichoma kichwa. Akina mama walinicheka: "Baba, mtungi unalia ukiuacha?" Wacheke. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu mitungi ikirudishwa nyuma wenyewe wakiwa wamelala. Wangu baadaye ulitoboka, lakini hiyo ni habari nyingine. Padri mmoja aliniona nimesimama pale peke yangu, akasema mtu wa namna hii anafaa kukaa na redio.

Redio ya kuitana na watu wa mbali, yenye waya mrefu juu ya paa. Shule sikufika mbali, ila redio haiulizi cheti. Unasema neno lako, unalirudia, unalirudia tena, mpaka wa upande wa pili aseme amelipata. Asiposema, hujasema kitu. Nilifanya kazi hiyo mpaka masikio yakazoea mikwaruzo.

Mkataba wa amani ulipotiwa saini tukarudi Juba. Nikapata kazi mtaa wa Hai Jalaba, kwenye loji ya mama mmoja mjane, vyumba vyake vya makontena. Nilishika funguo na kompyuta ya kaunta. Ndani yake kulikuwa na ukurasa wa miraba: kijani chumba kitupu, chekundu kina mtu. Mgeni akija nabonyeza kitufe, na kompyuta inamtafutia chumba. Kila nikibonyeza, ukurasa wote uligeuka mweupe pe, kisha ukajichora upya polepole, maana intaneti ya dishi ilikuwa ya kutambaa. Mimi niliupenda weupe ule. Ulikuwa unaniambia: imekwenda, subiri.

Mama hakuupenda. Wageni walichoka kungoja, wengine wakakosa vitanda. Akaniambia wazi, kwa heshima ya kuniita baba mdogo, "Ammu, mgeni mwingine akikosa kitanda, funguo zitashikwa na mtu mwingine." Kisha akaleta fundi wa kurasa kutoka Nairobi, mwanamume mzima mwenye viatu visivyoshika vumbi. Hilo peke yake lilinitia shaka. Juba hii, nani viatu vyake havishiki vumbi?

Alipomaliza kazi yake, weupe ukatoweka. Nilibonyeza, ukurasa ukatulia tuli kama haukunisikia. Halafu mraba mwingine ukawa mwekundu na mkono wangu uko mfukoni.

"Nani amebonyeza?" nikamuuliza fundi.

"Ofisi yetu ya Nairobi, mzee, imemwekea mgeni aliyepiga simu. Ukurasa unauliza wenyewe, chinichini, kama kuna jipya."

"Chinichini?"

"Ee. Zamani ukitaka kubadili foronya ulibomoa chumba kizima ukakijenga upya. Sasa unamtuma mtu alete foronya tu, na wewe unaendelea kufagia."

Maneno matamu. Lakini huyo anayetumwa chinichini, mimi simwoni sura.

Siku moja mchana akaja kawaja mmoja, yaani mzungu. Nikabonyeza kitufe. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Nikafanya kama nilivyofundishwa na redio. Baadaye mraba mmoja ukawa mwekundu, nikampa kawaja ufunguo wake; kisha mwingine, na mwingine, nami nikasema moyoni: Nairobi wanakula vyumba. Jioni likaja gari la wageni kutoka uwanja wa ndege. Nikawaambia kumejaa, wakaenda kulala mtaa wa Malakia.

Asubuhi mama akakuta makontena matupu ila la kawaja, mashuka hayajaguswa.

"Muulize huyu," nikamwonyesha fundi. "Anawawekea ndugu zake!"

 Fundi akafungua kompyuta, akamwonyesha mama vyumba vile vyote vimeandikwa jina la kawaja yule mmoja. Akanigeukia.

"Mzee, ulibonyeza mara ngapi?"

"Mpaka niamini."

Mama akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Na wewe," nikamwambia fundi, "kama jibu lilikuwa bado njiani, mbona kitufe ulikiacha wazi?"

"Hapo umenishika. Nitakifunga, kisibonyezeke mpaka jibu lirudi."

"Au utakifunga mimi nisione mnachofanya?"

"Khalas, imetosha!" mama akasema. "Yeye atafunga kitufe. Wewe ammu, kuanzia leo kompyuta usiiguse. Itataja chumba, utatoa ufunguo. Basi."

Nikafikiri kidogo. Mtu wa kutoa ufunguo bila kujua nani kalala wapi, huyo ni msumari wa ukutani. Nikaweka funguo zote kaunta.

"Unakwenda wapi?" mama akauliza.

"Buluk, kunywa chai."

Chai nilikunywa kweli. Pale sikurudi tena.