Siku Niliyopita Langoni kwa Kadi ya Mwenzangu

Majaketi yalikuwa mawili, ya buluu, yenye kofia. Tuliyanunua siku moja dukani Skärholmen, Stockholm, mimi na mwenzangu, kwa sababu ndiyo pekee yaliyobaki yenye mfuko mrefu wa ndani. Kama lingebaki la kijani hata moja, huenda nisingekuwa na jambo la kueleza hapa.

Mwenzangu ni Mganda wa Jinja, Mwislamu, aliyekuwa karani wa reli kabla ya kukimbia kwao. Mimi ni wa Nakuru, nilizaliwa katika nyumba za reli, nikasoma hadi kidato cha nne, kisha nikaanza kuzurura: Mombasa, Port Said, Piraeus, Hamburg, na mwishowe Stockholm. Kila mji niliuacha pale watu walipoanza kunizoea. Tulikutana Alby, kitongoji cha Stockholm, tukagundua kwamba baba zetu walifanya kazi kwenye reli ileile, tukapanga nyumba pamoja, vyumba viwili ghorofa ya tano. Mke wake na binti zao wawili walikuwa Nairobi, Pumwani, wakisubiri. Ili waruhusiwe kuja, alihitaji barua ya mwajiri inayosema ana kazi ya kudumu. Barua hiyo alikuwa ameshaitengea droo kabatini. Droo ilikuwa tupu na hakuruhusu kitu kingine kiwekwe humo.

Kiangazi kimoja tulichukuliwa vibarua kwenye mtambo wa nyuklia, mwendo wa saa chache kwa basi kutoka mjini. Kila mwaka mtambo ulizimwa kwa wiki kadhaa ili ukaguliwe na kusafishwa, na watu wengi walihitajika. Mimi niliwekwa chumba cha kufulia ovaroli. Yeye alipelekwa ndani zaidi, kusugua sakafu chini ya mabomba. Kila mtu alikuwa na kadi yenye picha yake, sisi tukiitunza katika ule mfuko wa ndani wa jaketi, na kila asubuhi langoni alipewa beji ya plastiki ya kupima mionzi iliyompata siku hiyo, beji yenye namba ileile ya kadi. Lango lenyewe lilikuwa kibanda cha mbao chenye mlinzi na dirisha. Tuliambiwa ni la muda tu. Milango ya chuma, ya kupitisha mtu mmoja mmoja kwa namba yake ya siri, ingewekwa karibuni pamoja na uzio wa pili.

Asubuhi moja tuliamka tumechelewa, basi linanguruma nje ya bweni la vibarua. Kila mmoja akanyakua jaketi msumarini akakimbia. Mlinzi alichukua kadi niliyompa, akatazama picha, akanitazama usoni, akanisalimia vizuri, akanipa beji. Mimi ni mfupi na nina ndevu. Mwenzangu ni mrefu, ananyoa kichwa, ana kovu juu ya jicho.

Mpaka wakati wa chakula cha mchana ndipo nilipotia mkono mfukoni kutafuta leso, nikatoa picha ya wasichana wawili wenye sare za shule.

"We bwana," nikamwambia, "watoto wako leo wameshinda nami dobini."

Akajipapasa, akatoa kitana changu cha ndevu. Akakitazama. "Kumbe leo mimi ndiye Mkenya. Ndiyo maana tangu asubuhi nabishana na kila mtu."

"Lakini yule mlinzi amenitazama. Amenitazama kweli."

"Ameona mtu mweusi, akaona picha ya mtu mweusi. Alitaka nini tena?"

Tulicheka hadi mpishi akageuka kutuangalia. Kisha nikamuuliza kuhusu beji, na kicheko kikaisha. Alikuwa ameshinda ndani, chini ya mabomba, amevaa beji yangu. Kwa mujibu wa daftari, mionzi ya asubuhi ile ilinipata mimi.

Nikataka kwenda kusema. Akanishika mkono. Wiki ileile msimamizi alikuwa amemwambia kwamba kiangazi kijacho kungekuwa na nafasi ya kudumu dobini, na kwamba angemfikiria.

"Wakisikia tumeingia kwa kadi tulizobadilishana, jioni tuko kwenye basi la kurudi," akasema. "Nyamaza, ndugu yangu. Nakuomba."

Tukabadilishana majaketi chooni. Nikanyamaza.

Mwishoni mwa majira ya baridi niliona tangazo gazetini. Wenye mtambo waliomba kuahirisha milango mipya na uzio wa pili kwa miaka miwili. Karatasi za ombi, pamoja na tathmini ya athari kwa mazingira, ziliwekwa maktaba, na mkazi yeyote aliruhusiwa kutoa maoni. Nilikwenda nikazisoma siku mbili, kamusi pembeni. Zilieleza kwamba kuchelewa huko hakungebadilisha lolote kwa watu, maji wala udongo ulio nje ya uzio, kwa kuwa walinzi wanamtambua kwa sura kila anayeingia. Sehemu hiyo niliisoma mara tatu nikidhani kamusi imenikosesha.

Nyuma ya nyumba zetu Alby tulikuwa na kipande cha bustani, tukilima sukuma wiki na mchicha. Mwaka uliotangulia mvua ilikuwa imetuletea mionzi ya ajali ya mtambo wa nchi nyingine, na kina mama wa hapo walikuwa wakija kuniuliza mimi, kwa kuwa nimefanya kazi mtamboni, kama mboga zinalika. Sikujua. Nilichojua ni kufua ovaroli. Basi niliposoma neno mazingira katika karatasi zile, niliona tuta letu na wale kina mama wameshika majani mkononi, wakingoja jibu.

Nikakumbuka pia kivuko cha reli karibu na kwetu Nakuru. Geti lake lilipovunjika, waliweka mzee mmoja na bendera nyekundu, kwa muda. Nilianza darasa la kwanza, nikamaliza sekondari, mzee bado yupo. Siku alipougua homa, gari moshi liliwakuta punda wawili wa jirani yetu katikati ya njia, na mkokoteni wao. Baba alirudi nyumbani siku hiyo akaosha viatu vyake nje, na sitaki kueleza zaidi ya hapo.

Niliandika barua. Nikaeleza asubuhi ile yote, kadi na beji. Nikamwekea mwenzangu mezani, yeye akaisoma akiwa amesimama.

"Utaweka jina langu?"

"Nitaweka langu. Lakini wakiuliza ni kadi ya nani niliyokuwa nayo, watakufikia."

"Kwa hiyo umeshaniandika."

"Ndiyo maana nakuuliza."

"Huniulizi. Tazama, umeshavaa viatu."

Ni kweli nilikuwa nimevaa. Nikavivua.

"Wewe wakikukasirikia hapa utapanda meli," akasema. "Ndivyo ulivyo. Mimi nitapanda nini? Mke wangu nimwambie nini?"

"Safari hii siendi popote," nikasema. "Wakiniita, watanikuta hapahapa."

Siku tatu mwenzangu alipika chakula chake peke yake, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Nami siku hizo tatu sikuipeleka barua, lakini pia sikuichana, na nilimwambia wazi kwamba sitaichana. Ningeweza kuondoa majina, nikamwambia. Nilikuwa nimesikia kwamba ofisi za serikali za hapa hupokea karatasi hata ya mtu asiyejitaja.

Siku ya nne nikamkuta amevaa suti. "Twende," akasema. "Huko serikalini huwezi kwenda na hilo jaketi."

Tulipanda treni. Kila mmoja alikuwa na ofisi yake kichwani, na nadhani zote mbili zilikuwa na askari mlangoni na benchi la kungojea hadi jioni. Katika ofisi ya kupokea maoni tulimkuta mwanamke mmoja tu aliyevaa sweta ya sufu, chupa ya chai mezani. Nilimuuliza kama naweza kuacha maoni bila jina. Akasema bila shaka, na kwamba hata yeye haruhusiwi kuniuliza mimi ni nani.

Mwenzangu akasogea. "Barua isiyo na jina itasomwa?" akauliza kwa Kiswidi chake cha polepole.

"Itasomwa."

"Na wenye mtambo wakisema ni uongo?"

Mwanamke akafikiri kidogo. "Basi hatutakuwa na mtu wa kumuuliza," akasema.

Mwenzangu akavuta kiti. Akaomba kalamu. Nilidhani anataka kufuta kitu, nikajizuia nisimshike mkono. Akaandika jina lake lote, namba yake ya kuzaliwa, ile ambayo serikali ya hapa humpa kila mkazi, na namba ya kadi, juu ya mahali nilipoacha nafasi ya saini yangu. Kisha chini kabisa akaongeza mstari kwa mwandiko wake wa karani, herufi zote zimelala upande mmoja. Alieleza kwamba mionzi iliyoandikwa kwa jina la mwenzake siku hiyo ni yake, na anaomba arudishiwe.

Yule mwanamke aliusoma mstari huo, akautazama uso wa mwenzangu kwa muda. Nilipotia saini yangu, akagonga mhuri, akatukabidhi nakala.

Nje mwenzangu akafungua vifungo vya koti. "Ile droo," akasema, "sasa waweza kutia soksi zako."

Lakini alipofika nyumbani aliweka humo ile nakala.

Uamuzi ulikuja kwa posta kabla ya kiangazi. Wenye mtambo waliruhusiwa kuchelewa, lakini mwaka mmoja, si miwili, na mpaka milango iwepo kila anayeingia ataje kwa sauti namba yake ya kuzaliwa, mlinzi ailinganishe na kadi. Bahasha nyingine ilisema madaftari ya mionzi yamesahihishwa. Kazi ya kiangazi hatukuitwa. Hakuna aliyetuambia sababu, nasi hatukuuliza. Mwenzangu alizunguka miezi mingi akitafuta, hadi akapata kazi kwenye dobi kubwa Upplands Väsby, kaskazini mwa jiji, asubuhi treni mbili kwenda na jioni treni mbili kurudi. Barua yake ya mwajiri aliipata huko. Mke na watoto wakaja mwaka mzima baada ya wakati tuliokuwa tumeutarajia, nami nikahamia chumba kimoja ng'ambo ya ngazi.

Jumapili ya kwanza walinialika chakula. Shemeji aliningoja nikae vizuri.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema.

"Ni mimi nini, shemeji?"

"Uliyenikalisha Pumwani mwaka mzima."

"Saini ya kwanza ni yangu mimi," mumewe akasema.

"Wewe nimeshakusikia, zamu yako imepita. Naongea na huyu."

Akataka aione hiyo karatasi. Mumewe akaitoa kwenye droo. Haikuwa lugha anayoisoma, basi nikamtafsiria yote, polepole, mpaka ule mstari wa mwisho. Akanisimamisha hapo nikarudia.

"Ilikuwa mingi?" akauliza. "Hiyo mionzi."

"Kidogo sana, walisema."

"Na ingebaki kwako kama asingeandika."

"Ndiyo."

Akaikunja karatasi kwa mikunjo yake ya zamani, akairudisha drooni mwenyewe. Akachukua sahani yangu, akaijaza sukuma wiki ya bustanini.

"Mwaka mzima," akasema, akinikabidhi. "Nitakukumbusha mpaka hawa wasichana waolewe."

Sijahama Alby, kwa hiyo bado ananikumbusha.