Mgeni Aliyechora Shamba la Mama

Chuo chetu cha sanaa kilipopokea wasanii kutoka Kuba, mmoja wao, mwanamke wa makamo, aliomba kuona kakao. Nikampeleka nyumbani kijijini Bujonde, ambako mama yangu analima kakao. Alipoanza kuchora shamba, mama yangu akanivuta kando.

"Huyo si mpima ardhi? Mbona anachora mpaka wetu?"

Nilimweleza kuwa ni msanii, hakuniamini. Akasimama nyuma ya mgeni, mikono kiunoni.

Mgeni akachuma tunda, akalipasua kwenye jiwe, akafyonza utamu na kutema mbegu kiganjani zisipotee. Kwa Kiingereza chake kidogo akasema baba yake alilima kakao.

Nilipotafsiri, mama alilegea, akamkaribisha wali. Lakini mchoro wenye mpaka wetu aliuchukua, akakataa kumrudishia. Upo chini ya godoro lake mpaka leo.