Roboti wa Papa Kasongo

Kila ninapopita dukani ambako jenereta inanguruma nje, harufu ya petroli ikichanganyika na ya mabati yaliyochomwa na jua, miguu yangu huanza kuchezacheza. Hunirudia Kakuma ya mwaka 2012, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja na sijui kukaa mahali pamoja. Sisi tulikuwa Waturkana wa hapo; mama yangu aliuza makaa kwenye kambi ya wakimbizi, na Jumamosi alinichukua pamoja naye, gunia dogo kichwani. Alisema akiniacha nyumbani, jioni atanikuta nimefika Lokichoggio.

Makaa yakishapata wateja, nilikimbilia ukumbi wa video wa Papa Kasongo. Naita ukumbi kwa heshima tu. Palikuwa na nguzo za miti, turubai, televisheni moja yenye mgongo mnene, na mitungi ya plastiki ya maji iliyolazwa chini tukaikalia. Papa Kasongo alikuwa Mkongo mrefu aliyefundisha shule kwao kabla ya vita. Alikuwa na diski za mfululizo mmoja wa vichekesho vya angani, ambao wasemaji wake walizungumza lugha ambayo hakuna aliyeijua pale. Wengine walisema Kirusi, wengine Kijerumani. Basi Papa alipunguza sauti, akasimama kando ya kioo na fimbo nyembamba mkononi, akatutafsiria kwa Kiswahili cha kwao.

Ni yeye aliyetuambia kwamba chombo kile kilipeleka barua kwenye nyota; kwamba kapteni, mwanamke mnene mwenye kofia ya manyoya, alipotea kila mara kwa sababu aliona aibu kuuliza njia. Na kwamba roboti mwembamba wa jicho moja, Fidèle, alikuwa akimtafuta mama yake. Kila sayari walipotua, Fidèle alishuka mbio akawauliza wenyeji wenye vichwa vya samaki kama wamemwona. Nao walimpa ndoo iliyotoboka, au kuku wa bati, au mlango wa gari. Tulicheka mpaka mitungi ikateleza.

Kipindi kikiisha hatukutawanyika. Tulikaa kwenye kivuli cha turubai na kubishana. Bosco, fundi cherehani kutoka Burundi, alishikilia kwamba roboti hawezi kuwa na mama, labda fundi. Wengine walimuuliza fundi na mama wana tofauti gani. Tulibishana kama kapteni angevumilia jua la Turkana na kofia ile, na kama sayari ya mchanga ni mbali kuliko Todonyang, kule mpakani. Rafiki yangu Nyandeng, msichana wa Sudan Kusini aliyenizidi mwaka mmoja, hakubishana sana. Yeye alikuwa na orodha kichwani ya sayari ambazo Fidèle hajafika bado. Nilijua kwamba alikuja Kakuma na shangazi yake, na kwamba yeye na mama yake walipotezana njiani. Nilijua, lakini nilijua kama unavyojua jina la mtaa.

Likizo ya Agosti nilipelekwa Lodwar kung'olewa jino. Tulilala kwa binamu yangu Ewoi, kijana wa sekondari, ambaye alikuwa na televisheni na, nilipopekua rafu yake, diski zile zile. Tofauti ni kwamba zake zilikuwa na maneno ya Kiingereza chini ya picha. Kiingereza changu cha darasa la tano kilitosha. Hapakuwa na barua yoyote. Wale walikuwa wachuuzi wa vyuma chakavu. Roboti hakuitwa Fidèle, na aliposhuka kwenye kila sayari alikuwa anauliza kama wana vyuma vya kuuza. Ndoo, kuku wa bati, mlango wa gari: yote yalieleweka.

Shavu lilikuwa limevimba, lakini sikuhisi maumivu tena. Nilitaka tuondoke kesho yake, nilitaka Jumamosi ifike. Mama aliniuliza nina nini, nikamwambia hakuna kitu.

Jumamosi ilipofika sikuketi hata. Papa Kasongo alikuwa katikati ya kipindi, Fidèle akipiga magoti mbele ya kizee kimoja, nami nikasema kwa sauti ukumbi mzima usikie, "Uongo. Huyo hatafuti mama. Anatafuta vyuma. Nimesoma maneno yake Lodwar."

Nilitarajia makelele. Papa Kasongo alinitazama kidogo, akaiweka fimbo juu ya televisheni, akaongeza sauti, akaenda kukaa. Lugha ile ngeni ikajaa ukumbini. Tulitazama hadi mwisho na hakuna aliyecheka.

Nje, hakuna aliyekaa kivulini. Nilimfuata Nyandeng nikimweleza yote niliyoyasoma, mpaka akasimama.

"Kwani unafikiri sisi hatukuwa najua?" akasema. "Mdomo ya roboti inafunga, Papa bado anaongea. Sisi yote tulikuwa tunaona."

Akaniacha hapo na vumbi.

Jumamosi mbili zilizofuata filamu ilionyeshwa bila tafsiri, na mitungi mingi ilibaki bila wa kuikalia. Sikutulia nyumbani, sikutulia pale. Mwishowe nilikwenda kwa Papa nikamwomba msamaha. Aliendelea kufuta diski kwa shati lake.

"Mutoto yangu, haukusema uongo," akasema. "Sasa unaniomba pardon ya nini?"



Jumamosi ya tatu, filamu ikiendelea, Bosco aliuliza bila kumtazama mtu, "Hapo Fidèle anasema nini?" Papa alibaki ameketi. Ndipo Nyandeng alipoinuka, akachukua fimbo, akagusa kioo. "Anasema yeye anatoka mbali," akaanza. "Anauliza kama mama alipita hapa. Mama iko na kovu hapa kwa mkono."

Hapakuwa na kovu kwenye filamu. Alisimulia sayari nzima kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, akikosea majina, akimfanya kapteni mwanamume, na watu wakamsikiliza. Kisha Papa Kasongo akakohoa. "Hapana," akasema, "kapteni hakujibu vile." Akainuka, Nyandeng akampa fimbo. Baada ya muda mfupi tukasikia kicheko cha kwanza.

Mwaka uliofuata Nyandeng alipelekwa shule ya bweni na sikumwona tena. Sijui kama mama yake alipatikana.

Kwa miaka mingi nilijitetea kwamba nilisema kweli, na ni kweli nilisema kweli. Lakini siku ile Nyandeng alipomrudishia Papa fimbo, nilisikia jina langu likiitwa nje. Mama alikuwa amesimama juani, mikono myeusi kwa makaa, akinitafuta kwa macho. Niliudhika kwa sababu kipindi hakijaisha. Nilitoka nikinung'unika, na niliposukuma turubai, Nyandeng na watoto wengine wote mle ndani waligeuka kunitazama nikienda kwake.