Bunduki ya Ishirini na Mbili

Harufu ya mafuta ya bunduki naijua tangu nikiwa na miaka tisa, na siku iliponuka mara ya kwanza kwenye kiwanja chetu cha Wamaza, waliokuwepo ni hawa. Baba yangu Kalonda, mkulima, Mkristo wa kubatizwa. Mama yangu Zaina, Mwislamu wa Kasongo, aliyeolewa kwetu baada ya maneno mengi ya wazee wa pande mbili. Mjomba Saidi, mdogo wake mama, aliyekuja nasi kutoka Kasongo kusindikiza bunduki. Bibi Feza, mama yake baba, ambaye katika nyumba ile ndiye alikuwa serikali. Mzee Lukali, mume wa shangazi Bitondo, kwa hiyo shemeji yake baba, jirani yetu, na mtu pekee wa upande ule aliyekuwa na bunduki kabla yetu. Shangazi mwenyewe alikuwepo. Na mimi Mwamini. Wengine walikuwa kijiji kizima, nao nawakumbuka, lakini nikiwataja wote hatutafika.

Sababu ilikuwa kanga, wale ndege wa madoadoa, na karanga za mama. Kanga na karanga, hata majina yamekaribiana, labda ndiyo maana mmoja hawezi kumwacha mwenzake. Mama akipanda asubuhi, jioni ndege wamefukua mstari mzima kama watu walioitwa kwa kazi hiyo. Shemeji Lukali alikuja na bunduki yake nene, ile ya kumi na mbili, akapiga mara moja, kilima kikaitika, kanga wote wakarukia ng'ambo ya mto, na tulipomaliza kula chakula cha mchana walikuwa wamesharudi. Mmoja tu alianguka, amechanika, amekufa kabisa. Mama hakumla, maana kwao nyama isiyochinjwa ni mzoga, hata ikinukia namna gani. Msimu wa pili ulipoharibika, mama alisema bila kupaza sauti, "Kalonda, karanga zikiliwa tena, mimi narudi kwetu Kasongo. Sikuolewa kuja kulisha ndege." Baba alimjua mke wake. Hakuwa mtu wa kusema kitu mara mbili.

Baba akahangaika kwa wakubwa mpaka akapata karatasi ya ruhusa. Karatasi ilisema bunduki moja, na ukishaichukua hairudi, ukikosea umekosea. Tulipanda lori la mpunga mpaka Kasongo, baba, bibi na mimi, kwa sababu bibi hakusafiri bila mtu wa kumbebea kiti chake. Mjomba Saidi alitupeleka dukani. Mwenye duka akalaza bunduki mbili juu ya meza kama watoto wa tumbo moja, mmoja mnene, mmoja mwembamba. Baba akatia kidole gumba katika mdomo wa ile nene, kikaingia. Katika ile nyembamba hata kidole cha mwisho kilikataa.

"Ile munene iko duze," mwenye duka akasema. "Hii ingine iko ventideu."

Bibi hakujua Kifaransa. "Saidi, anasema nini?"

"Anasema ile iko kumi na mbili, na hii iko ishirini na mbili."

Bibi akaitazama ile nyembamba kwa heshima mpya. "Na ya Lukali iko ngapi?"

"Kumi na mbili, mama."

"Basi hii inapita ya Lukali kwa kumi."

"Mama, angalia tundu," baba akasema. "Hata kidole cha huyu mutoto hakiingii."

"Wingi wa kamasi si ukubwa wa pua," bibi akamjibu. "Na pilipili inayotoa watu machozi iko ile ndogo."

Baba akamgeukia mjomba, maana mjomba alikuwa amesoma mpaka darasa la tano. Mjomba akafikiri, akasema hesabu ni hesabu. Mwenye duka, ambaye bunduki ile ilikuwa imesimama kwake mpaka buibui wameizoea, alisema tu kwamba sindano yake ya kufyatulia hugonga ukingo wa risasi, si katikati, na kwamba ni safi kwa shabaha na kwa wanyama wadogo. Katika maneno yote hayo bibi alisikia "safi". Tukaichukua.

Njia nzima bibi alitangaza. Kila lori liliposimama alishuka kuwaambia watu kwamba mwanawe amepata bunduki inayopita ya Lukali kwa kumi. Tulipofika Wamaza habari ilikuwa imetutangulia. Mbuzi wamefungwa, wenye mimba wamepelekwa mbali, wazee wamekaa na vidole masikioni. Baba akaweka kopo la maziwa juu ya kisiki, akarudi nyuma, akalenga. Ikalia pya, kama ganda la haragwe linapopasuka juani. Kopo halikutikisika.

Watu wakangoja. Shangazi Bitondo akatoa kidole kimoja sikioni. "Haya, Kalonda, piga basi. Jua linatuunguza."

"Nimeshapiga," baba akasema.

Lukali akasogea taratibu, uso wake una huruma nyingi. "Shemeji, umepiga au umekohoa?"

Wiki ile watu wa Wamaza walikuwa wakikutana njiani wanakoholeana. Bibi alijifungia ndani, akasema mwenye duka amemgeuzia namba. Lakini mama, ambaye karanga zake zilikuwa zimeanza kufukuliwa tena, hakucheka. Alikunja vitu vyake, sufuria chini, nguo juu, akafunga furushi, akakaa kungojea lori, ambalo lilipita mara moja kwa wiki. Mjomba Saidi angemrudisha. Hapo hata mimi mtoto nilielewa kwamba tulichonunua Kasongo hakikuwa bunduki, kilikuwa kukaa au kuondoka kwa mama yangu.

Baba hakumbembeleza, hakujua kubembeleza. Alipiga kopo. Asubuhi mpaka jioni mimi nasimamisha, yeye anapiga. Siku ya kwanza alipiga kisiki. Siku ya pili alijifunza kuzuia pumzi. Siku ya tano kopo lilikuwa chujio, na watoto wote wa jirani walikuwa na maganda ya risasi ya kupuliza kama filimbi.

Siku ya lori tulikwenda shambani alfajiri, baba na mimi. Kanga walikuwa wamejaa. Pya, mmoja akalala. Wenzake wakainua vichwa, wakamtazama, wakaona labda amechoka, wakaendelea kufukua. Ile sauti ndogo iliyotuaibisha haikumfukuza hata mmoja. Pya, wa pili. Pya, wa tatu. Wa nne risasi ilimvunja bawa, akakimbia na njia ya barabarani, mimi nyuma yake, na mbele yetu anakuja mama, furushi kichwani, na mjomba Saidi pembeni yake.

Mama akasimama. Akamtazama ndege.

"Saidi, iko hai," akasema. "Kisu."

Furushi likaanguka. Mama akakaza nguo kiunoni akamkimbiza kanga yule katikati ya mihogo, mjomba nyuma yake na kisu akisema bismillahi kabla ya wakati, asije akachelewa. Wakamkamata, wakamchinja. Barabarani lori likapiga honi, likapiga tena, likaenda zake. Sufuria ilikuwa chini kabisa, kwa hiyo mama alilazimika kutoa kila kitu alichofunga. Baba akafika na wale watatu waliokufa, akasimama. Mama hakumtazama. Alikuwa anapuliza moto.

"Kesho," akasema, "uwe unapiga mabawa."

Sasa mimi ni bibi wa wajukuu wengi. Siku zile mtu alipopata bunduki, kijiji kizima kilikusanyika kusikia inavyolia. Leo mjukuu wangu wa miaka sita akisikia mlio wa mbali anaweza kukuambia ni ya aina gani na imetokea upande gani, na mguu wake tayari uko njiani. Hatukusanyiki tena, tunatawanyika. Sisi tulikuwa wajinga wa bunduki hata hatukujua namba ipi kubwa, na ujinga ule naulilia.

Kichwa changu ni kizee. Pengine kanga walikuwa watano, pengine aliyeuliza habari ya kukohoa ni mwingine na ninamsingizia marehemu Lukali. Aliyekuwepo na anakumbuka vingine, au aliyesikia kwa mama yake, aje aninyooshe. Nitamwekea kiti.